Sinia la Watu Wanne

Kikundi chetu cha taarabu tulikuwa wanne. Mpiga fidla na mpiga kanuni wamefariki, na mpiga ngoma amehamia Maskati kwa mwanawe. Nimebaki mimi na kinanda cha umeme.

Sauti ya fidla iliyokuja na kinanda hicho ilinikera. Nyororo mno, haina mtu ndani yake. Basi nikakiunganisha na kompyuta, nikakaa wiki nzima chumbani kwangu Mji Mkongwe nikizirekebisha sauti moja moja. Fidla niliichelewesha kidogo, maana mwenzangu hakuwahi kuingia kwa wakati hata siku moja, na tukigombana kwa hilo. Kwenye kanuni nililegeza uzi mmoja, kama ule ambao mpigaji wake hakuwahi kuukaza sawasawa. Ngoma nikaipa mkono mzito wa yule bwana.

Ijumaa moja mchana nikaenda kupiga harusini, Mwanakwerekwe. Wapishi walikuwa uani, nyuma ya ukuta. Wakisikia muziki tu, hawanioni. Nilipomaliza, mama mmoja mpishi akaniletea sinia la pilau lililofunikwa kawa. Harusini kwetu wapigaji hula wanne sinia moja. Akatazama huku na huku.

"Wenzio wako wapi?"

"Wametoka kidogo, bibi."

Sijui kwa nini nilisema vile. Akaliweka chini, akaenda zake.

Nikanawa, nikakaa. Nikala pa mbele yangu tu, kama nilivyofunzwa utotoni. Pande za wenzangu sikuzigusa.