Chemchemi Tuliyoiuza

Binti wa kaka yangu aliniletea ujumbe wa simu nikiwa jikoni kwangu Mombasa, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. "Shangazi, tunataka kuwatembeza watoto siku moja kandokando ya bahari, Malindi mpaka Kilifi. Wewe ndiye unayejua pa kusimama. Tupangie." Nazi niliisahau mkononi. Nilifurahi kama mtu aliyeulizwa kuhusu mchumba wake wa kwanza. Laiti ningalimjibu kwamba sijui kitu, nisingekuwa leo nakusimulia haya huku uvundo bado umo puani.

Lakini nikupeleke kwanza kwenye uzuri wake, maana usipoujua huo hutaelewa kwa nini nimekasirika hivi.

Sisi tulizaliwa Malindi, mji wa zamani, na safari ya kwenda Kilifi ilikuwa ya bibi yetu. Aliifanya mara moja kwa mwaka, shule zikifungwa, kwenda kumwona dada yake. Kuipanga kulimchukua wiki mbili nzima. Hakutazama kalenda ya ukutani. Alitoka uani magharibi kuutafuta mwezi mwandamo, kisha akahesabu kwa vidole. Siku ya tatu au ya nne ya mwezi bahari hutoka mbali sana karibu na adhuhuri, na bibi alitaka tufike mahali petu maji yakiwa yametoka hivyo. Akishapata siku, alimtuma mtu kwa jirani mwenye lori la kubebea nazi. Jirani hakuwahi kukataa. Nadhani alimwogopa, au alipenda chakula chake, au yote mawili.

Na chakula kilikuwa chakula, rafiki yangu. Tangu alfajiri tulisikia mchi. Samaki wa kupaka alifungwa kwa majani ya mgomba, mikate ya kumimina ikapangwa kwenye sinia na kufunikwa kitambaa cheupe, kukawa na achari ya ndimu na mahamri ya njiani. Kazi yangu ilikuwa kukalia sufuria ya wali isiyumbe. Nimekwenda Kilifi miaka mingi nikiwa juu ya mfuniko wa moto, kanga imekunjwa mara nne chini yangu, na sikuona taabu yoyote.

Tulipita Gede, tukapita msitu ambao baridi yake ilituingia hata tukiwa juu ya lori, tukafika karibu na Mida ambako harufu ya tope la mikoko ilikuja kabla hatujaona maji. Bibi aliipenda harufu ile. Alisema inamfungua kifua. Mbele ya Matsangoni lori liliacha barabara na kushika njia ya mchanga upande wa kushoto, mpaka penye minazi. Shamba hilo kwa karatasi lilikuwa la babu yetu. Kwa kweli lilikuwa la familia ya Kigiriama iliyokaa pale tangu kabla ya babu, iliyopanda, kupalilia na kuzika wafu wake pale. Mama wa nyumba ile alitupokea kila mwaka kwa madafu na kwa mtsunga, mboga chungu ya majani, aliotupikia kwa tui. Yeye na bibi walikaa kwenye mkeka mmoja wakasemana magonjwa yao.

Kutoka hapo njia nyembamba ilishuka hadi ufukweni, na chini kabisa, mahali ambapo bahari ilikuwa imetoka, maji matamu yalichemka kutoka mchangani. Si chumvi. Matamu, na baridi kama ya mtungi. Ulifukua kidogo kwa kifuu cha nazi, ukasubiri mchanga utulie, ukaona vijipovu vidogo vikipanda. Bahari ikirudi ilifunika pale, na hungeamini kwamba kuna kitu. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa chakula kabla ya kunywa. Bibi alisimama juu yetu na kifuu chake. Mmoja wetu aliwahi kuosha samaki karibu na pale, akachapwa kofi ambalo lilinyamazisha ufuko mzima. "Maji haya ni ya kila apitaye," bibi alimwambia. "Usimtilie mwenzio uchafu anywe."

Baada ya hapo Kilifi yenyewe ilikuwa nyongeza tu. Tulimsalimu dada yake bibi, tukala korosho zilizochomwa uani mpaka midomo ikawasha, tukavushwa kwa feri kwenda na kurudi bila shughuli yoyote ng'ambo, kwa kuwa siku zile daraja halikuwapo na kuvuka kulikuwa raha yake.

Bibi alifariki nikiwa na watoto wawili. Miaka michache baadaye kaka yangu alinijia na karatasi. Alisema shamba la minazi limepata mnunuzi, ndugu wote wameshatia sahihi, nimebaki mimi. Nilimwuliza juu ya wale watu wanaokaa pale. "Watapewa kitu, wataondoka," alisema. Nilimwuliza na njia ya kwenda ufukweni. Akacheka. "Njia iko, bahari haihami." Nilikuwa na haraka ya kwenda harusini. Nilitia sahihi nimesimama, karatasi nimeiegemeza juu ya friji. Fungu langu liliishia kwenye marumaru za choo. Nakwambia hili sasa, kwa sababu kwa miaka yote hii sikumwambia mtu, na nilipomjibu binti wa kaka yangu kwamba nitawapangia, nilikuwa nimejifichia ukweli mwenyewe kiasi cha kuliandika lile shamba kuwa kituo cha chakula cha mchana.

Mwezi mmoja kabla ya safari nilikwenda kwake Malindi, tukatoka mimi na yeye kukagua, akiendesha gari. Asubuhi ilikuwa nzuri. Mida haijaharibika sana, tulisimama tukavuta harufu ya tope na nikamsimulia habari za bibi na kifua chake. Alikuwa anaandika kwenye simu: hapa dakika kumi, hapa picha. Tukaiacha barabara upande wa kushoto.

Minazi haikuwapo. Kulikuwa na ukuta mrefu mweupe uliopandwa vigae vya chupa juu, na lango la chuma. Mlinzi alitoka, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Hapa ni nyumba za wageni. Hakuna kupita."

"Marahaba mwanangu. Kuna njia ya kwenda baharini hapa."

"Ilikuwako, naambiwa. Sasa mnapita kule nyuma, baina ya kuta. Lakini mama, mimi nisingekushauri."

Tulipita. Uchochoro ule upana wake ni mikono miwili, na umegeuzwa choo na jaa. Kulikuwa na nepi zilizovimba kwa mvua na kupasuka, chupa, mifuko, utumbo wa samaki uliojaa funza, na kinyesi cha watu, kibichi juu ya kikavu, hata ukawa huna pa kuweka mguu. Inzi hawakuruka tulipokaribia. Walikuwa wameshiba. Binti wa kaka yangu alifunika pua kwa mtandio wake akasema turudi. Nilikataa. Nilipandisha buibui mpaka magotini, mimi mtu mzima, nikaenda nikirukaruka kama ndege wa matopeni, na katikati nilikanyaga kitu laini kilichoingia baina ya vidole vyangu.

Tulitokea ufukweni. Bahari ilikuwa imetoka, kwani siku niliichagua kwa mwezi kama nilivyofundishwa. Nilitafuta mahali petu nikapaona mara moja, kwa sababu bomba nene lilitoka chini ya ukuta mweupe na kumwaga pale pale. Maji ya kijivu yenye povu, nywele na mafuta yaliyoganda. Mchanga ulikuwa mweusi, unateleza, na vijipovu vya chemchemi bado vilikuwa vinapanda katikati ya uchafu ule. Hilo ndilo lililonitapisha. Maji yale matamu yangekuwa yamekauka ningelia. Lakini yalikuwa bado yanatoka, safi, yakiingia moja kwa moja kwenye maji ya choo. Nilitapika mahamri ya asubuhi kando ya mwamba, na binti wa kaka yangu akanishika kiuno.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota kombe alitusogelea na kidumu cha maji ya kunywa. Alinisukutulisha, akanimwagia miguuni. Alipouliza tumetoka wapi nikamwambia Malindi, na kwamba nilikuwa nikija hapa nikiwa mtoto, na bibi yangu, na sasa tunataka kuwaleta wajukuu. Aliinua uso kutoka miguuni kwangu.

"Na lori la nazi," alisema. "Wewe ndiwe uliyekuwa ukikalia sufuria."

Alikuwa binti wa mama wa minazi, yule aliyetupokea kwa madafu. Tulicheza naye, tulifukua mchanga kwa kifuu kimoja. Nilimwuliza mamake, akasema alikufa Tezo, kwenye chumba cha kupanga, miezi michache baada ya kuhamishwa. Makaburi ya wazee wake yamo ndani ya ukuta, na hawaruhusiwi kuingia. Wengine walihamia Vitengeni kwa jamaa. Yeye hurudi kuokota kombe kwa sababu hajui kazi nyingine.

"Na madzi haya," alisema, akiyaita maji kwa lugha yake, "tulikunywa hata baada ya bomba. Hatukuwa na mengine. Mpaka watoto wakaharisha."

Nilimwambia niliitia sahihi ile karatasi. Yalinitoka tu. Binti wa kaka yangu aliniachia kiuno.

Yule mwanamke hakupandisha sauti. Alikiziba kidumu chake, akasema, "Najua. Majina yenu wote tulisomewa kwa chifu. Sina ugomvi nawe. Lakini umesema unapanga kuleta wajukuu. Usije ukawasimamisha hapa ukawaambia palikuwa pazuri, halafu basi. Waambie ni nani aliyepauza."

Njiani kurudi tulifika Gede. Hapo binti wa kaka yangu aliuliza, "Na baba alijua watahamishwa?" Nikamwambia alijua, nami nilijua. Alifungua dirisha, ingawa nilikuwa nimeosha miguu mara tatu.

Ungekuwa wewe ungefuta kituo kile, na mimi nilikifuta. Nilikifuta usiku na kukirudisha asubuhi, mara mbili. Mwisho niliwaandikia wote: tutasimama kwenye shamba la babu, vaeni viatu vya kufunika.

Siku ilipofika tulikuwa watu kumi na wanane kwa magari manne. Kaka yangu alivaa kanzu nyeupe. Alidhani nimepata njia ya kuingia kwenye nyumba za wageni na akanisifu kwa hilo. Nilipowaongoza kwenye uchochoro alisimama.

"Unatuleta wapi? Watoto hawa watapata maradhi."

"Si mbali, kaka. Pandisha kanzu."

"Huku ni kutudhalilisha."

"Ndiyo," nilimwambia. "Pandisha kanzu."

Alirudi garini, na ndugu zangu wawili wakamfuata. Wengine walikuja, watoto wakipiga kelele za kinyaa na kushindana nani ameona kibaya zaidi. Ufukweni niliwaweka mbali na bomba na nikawasimulia yote niliyokusimulia wewe: mwezi, lori, samaki, kofi. Kisha nikawasimulia friji na karatasi. Nilitaja majina yetu, mimi wa kwanza, kaka yangu, na wale wawili. Binti wa mama wa minazi alikuwa kwenye mwamba na ndoo yake ya kombe. Hakuja. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akainama akaendelea na kazi.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka tisa, aliuliza, "Kwa hivyo wabaya ni sisi?"

Nikamwambia ndiyo.

Chakula tulikula Kilifi, kwenye bustani yenye mandhari ya daraja, na kila mtu alikula kidogo. Kaka yangu hajanipigia simu tangu siku ile. Binti yake ameandika barua kwa ofisi ya kaunti kuhusu lile bomba na kuhusu makaburi, na amepeleka nakala kwa baba yake. Hatujajibiwa. Nami nimemtafuta yule mwanamke mara mbili. Mara ya pili alikubali nimsaidie kuokota, tukaokota mpaka maji yakarudi, na aliponiaga hakuniambia nirudi wala nisirudi.

Watu husema utoto umepita na mambo yake, kama kwamba uliondoka wenyewe kwa miguu yake. Zamani nilipowasimulia wanangu habari za chemchemi ile, nilisema "petu". Mahali petu, maji yetu, njia yetu. Nilikuwa na ladha maalumu mdomoni nikilisema neno hilo. Sasa nikisimulia nasema "pale", na wasikilizaji hudhani nimesahau jina.