Kijiti cha Fundi Sikio

Pikapu iliburutwa hadi karakana ya Fundi Sikio asubuhi ya Jumatatu, imefungwa kamba nyuma ya trekta la kokoto. Mwenye gari alishika usukani, uso umemkunjamana kama mtu anayetoka mazikoni. Alikuwa mkunga. Kwa miaka kumi na minane aliipandisha pikapu hiyo milimani kuwafuata wajawazito wasioweza kushuka, na mwaka huo ilikuwa imemzimikia njiani mara tatu. Mara ya tatu nyuma kulikuwa na mwanamke mwenye uchungu. Mtoto alizaliwa juu ya godoro, ndani ya bodi ya pikapu, mvua inanyesha, mikono yote miwili ya mkunga ina kazi na turubai amelishika kwa meno.

"Kijana wa mashine anasema kompyuta imekufa," alisema. "Anasema ninunue gari jingine."

"Alifungua boneti?"

"Hapana. Alichomeka waya, akasoma kioo, akatikisa kichwa."

Sikio alitema mate pembeni. Hao ndio mafundi tuliobaki nao. Wanajua jina la kila ugonjwa na hawajawahi kumshika mgonjwa mkono.

"Kompyuta tutaing'oa," alisema. "Gari hili lina kaka zake waliotangulia kutoka kiwandani. Injini ni ileile, ila wao hawakufungwa sanduku la kuwafikiria. Nitalirudisha kwa kaka zake."

Alisema kwa sauti ya mtu asiye na shaka, lakini shaka alikuwa nayo. Jina la Sikio alipewa ujanani, kwa sababu angeweza kusimama getini, gari likiwa bado liko kwenye kona, akakwambia silinda ya ngapi inaumwa. Sasa masikio yenyewe yalikuwa yanaziba. Zilianza kuondoka sauti za ndege, ikafuata ya mvua juu ya mabati, na mwisho ya mkewe. Huo ulikuwa mwaka wa tatu anaishi kwa kusoma midomo ya watu. Mkewe peke yake ndiye aliyejua.

Mtoto wa dada yake alikuwa ameuomba uwanja wa karakana aoshee magari. Usiku wa kuamkia Jumanne Sikio alimwambia mkewe, "Pikapu hii ndiyo mtihani wangu. Nikiiweza, nabaki. Nikishindwa, Ijumaa nampa mpwa ufunguo."

"Nimesikia," mkewe alijibu, akihakikisha anamwona mdomo. "Afadhali mmoja wetu anasikia."

Siku mbili alikuwa anang'oa. Nyaya zilitoka kwa mafungu, nyekundu, kijani, za mistari, mpaka zikajaa karai. Sanduku la kompyuta halikuwa kubwa kuliko bati la biskuti, na ndilo lililokuwa linaamua cheche itoke lini na petroli iingie kiasi gani. Mahali pake alifunga kabureta ya kawaida, na distribyuta, kigawa cheche, aliyoitoa kwenye injini ya kaka mmoja iliyokuwa inaota kutu nyuma ya choo. Waya moja kutoka swichi kwenda kwenye koili, nyingine kutoka koili kwenda kwenye distribyuta. Basi.

Kabla ya kuifunika distribyuta aliitazama ndani, kama alivyofanya kila mara kwa miaka hamsini. Kulikuwa na vichuma viwili, umbo la maharagwe, vimeshikwa na springi nyembamba. Injini ikienda kasi, vinapanuka na kuiwahisha cheche. Ikipunguza kasi, vinarudi. Gari likienda mbio barabarani, cheche zinatoka mara mia kwa sekunde moja, kila moja kwa wakati wake, na hakuna aliyeviambia vichuma hivyo kitu. Mtu alikaa mahali, akafikiri, akavipima kwa faili. Mtu huyo hata jina lake halijulikani, na siku hizi hakuna anayeuliza.

Alhamisi mkunga alikuja kusaidia. Distribyuta haitiwi hivihivi. Pistoni ya kwanza hupanda juu mara mbili: mara moja ikiwa imebana hewa na petroli tayari kwa moto, mara nyingine ikisukuma nje moshi. Cheche inatakiwa mara ile ya kwanza. Fundi wa kawaida hutoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akangoja hewa imsukume. Sikio hakuwahi kutumia kidole. Aliinama tu akasikiliza ile *pss*, na wanafunzi wake walikuwa wanaitana waje waone.

Siku hiyo pia aliinama. Mkunga alizungusha krenki, mhimili wa injini, kwa spana, polepole, na Sikio akajiambia kwamba amesikia.

"Hapo hapo."

Walifunga kila kitu. Mkunga akapiga swichi. Injini ilipasuka kicheko kibaya, ndimi za moto zikaruka kutoka mdomo wa kabureta, na nusu ya masharubu ya Sikio ikaondoka nazo. Mkunga alishuka mbio, akafunika moto kwa gunia bichi. Halafu akasimama nyuma ya fundi na kusema, bila kupaza sauti, "Fundi, geuka."

Hakugeuka. Mkunga alizunguka akaja mbele yake.

"Toka lini?"

"Toka lini nini?"

"Mimi kazi yangu ni kusikiliza, mzee wangu. Asiyesikia namjua."

Sikio aliitazama mikono yake. "Mwaka wa tatu."

Alingoja pole, na kama angepewa angefunga karakana saa ileile. Mkunga alichukua spana. "Kidole gumba unacho?"

"Ninacho."

"Basi kitie tunduni. Mimi nazungusha."

Alikitia. Krenki ilizunguka, hapakuwa na kitu, hapakuwa na kitu, kisha hewa ikapanda na kumsukuma kidole, laini na yenye nguvu. Kumbe alikuwa amekosea kwa mzunguko mzima.

Safari hii injini ilikohoa, ikashika, ikanguruma kwa kusitasita. Ikabaki taimingi: kuizungusha distribyuta kwa upana wa unywele mpaka mapigo yakae sawa. Mkono wa kushoto unazungusha, wa kulia unangoja na spana ya kukaza. Zamani mwanafunzi mmoja alikuwa anamshikia kijiti cha mti mgumu, ncha moja kwenye injini, nyingine sikioni. Mwanafunzi wa mwisho aliondoka kwenda kuuza makava ya simu. Sikio alikiegemeza kijiti kwenye injini kwa mazoea tu, na kwa kuwa mikono haikutosha, ncha ya pili aliiuma.

Sauti ikaingia.

Haikupita sikioni. Ilipanda kwa meno, ikapita tayani, ikajaa ndani ya fuvu kama maji yanavyojaa mtungini. Moja, tatu, nne, mbili, zamu za silinda kama zinavyowaka. Zote zilikuwa zinachelewa kidogo. Alizungusha unywele mmoja, na mapigo yakasogeleana. Unywele wa pili, yakakaa. Mkunga alikanyaga mafuta, na Sikio akasikia kabisa vile vichuma viwili vikipanuka, vikirudi. Alikaza nati bila kukiachia kijiti.

Mkunga alishuka, akaona uso wake. Alifungua mkoba, akatoa kipembe chake cha mbao cha kusikilizia watoto tumboni, akakiweka juu ya injini na kuinamisha sikio. Wakakaa hivyo wawili muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Wote wanne wazima," alisema mkunga, akimwinulia uso.

"Nimewasikia," alijibu Sikio, kijiti bado mdomoni.

Jioni mkewe alimkuta mlangoni. "Umekula gari zima, au umemwachia mwenyewe matairi? Mdomo wote grisi. Na sharubu iko wapi?"

Sikio alikitoa kijiti mfukoni. Alikipangusa kwa shati, akaiuma ncha moja, na ile nyingine akaiweka taratibu kwenye mfupa wa kifua cha mkewe, chini kidogo ya shingo. Akafumba macho.

"Sema tena."

"Mzee wewe, umerukwa na akili. Mpwa wako amekuja kuulizia ufunguo."

Aliyasikia yote, na kicheko kilichofuata pia.

"Mwambie akatafute uwanja mwingine," alisema. "Halafu endelea kusema."

"Niseme nini?"

"Chochote."