Mistari Mitatu ya Bluu

Watu wa Musoma mjini wakija kutazama picha zangu huniuliza samaki yuko wapi. Nimechora mistari ya bluu, nimeiita maji, basi wanataka na sato wake. Huwa nawajibu kwa ukali, unanijua nilivyo. Ila mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu Mugeta, na tangu nirudi sina ubavu wa kumfokea mtu.

Unavikumbuka viangazi vyetu, rafiki yangu? Mto ukibaki mchanga mtupu, tulichimba kisima katikati yake. Maji yalichuruzika kidogo kidogo, ukayateka kwa kata mpaka kiuno kikauma. Waliopanga foleni si watu, ni madumu. Wenyewe walikwenda kupura mtama. Na kwa kuwa madumu yote yalikuwa ya njano, kila nyumba ilihitaji alama yake.

Mchoraji wa alama nilikuwa mimi, binti wa miaka tisa, kwa rangi alizobakiza fundi baiskeli. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo sikuandika majina. Huyu duara, yule msalaba uliolala, mwingine madoadoa. Nililipwa michembe, vile viazi vilivyokaushwa juani, nikaitafuna huku mikono inanuka rangi. Bibi yangu nilimpa mistari mitatu ya bluu. Mama jirani, rafiki yake wa kuombana moto, akaipenda, akataka hiyo hiyo. Nikamchorea, nikaongeza doti nyekundu pembeni.

Bibi hakuwa na mchezo na maji. Yaliyoosha mboga yaliosha vyombo, na yaliyoosha vyombo alipewa ndama. Nikimwaga kikombe, nachapwa.

Asubuhi moja madumu mawili yalikuwa na mistari mitatu, na doti haipo. Moja la kwanza kwenye foleni, lingine la mwisho kabisa. Bibi alipomaliza kulijaza la kwanza, mama jirani akalishika mpini.

"Hili langu. Alama si hii hapa?"

Walivutana, wakatukanana kwa kikwetu matusi ambayo sitayaandika. Mama jirani akamng'ata Bibi begani. Bibi akaokota jembe la kuchimbia kisima, akalishusha. Mfupa wa mkono ulilia kama kuni kavu, damu ikaruka mpaka kisimani. Ndugu wa pande zote mbili wakaja na marungu na mapanga. Ilipoisha, wanaume watatu walikuwa wamelala mchangani wanavuja damu, madumu yamepasuliwa, na maji yote yamemwagika.

Siku mbili baadaye mtoto mchanga wa mama jirani alikufa kwa kuharisha. Bibi hakusema na mama jirani tena mpaka akaingia kaburini. Mimi nilikaa kimya. Ile rangi nyekundu nilikuwa nimeizidishia mafuta ya taa ili itoshe, nikaamini doti imetoka yenyewe. Picha zangu zote, hizo ambazo watu hawaoni samaki ndani yake, ni alama ile ile najaribu kuirekebisha.

Basi mwezi uliopita nilimwendea mama jirani. Amezeeka, mkono umepinda. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikamwambia kosa lilikuwa la rangi yangu. Akaniinua.

"Ile doti niliifuta mwenyewe, mwanangu. Mtoto alikuwa anaharisha, na dumu langu liko mwisho."

Nilipandwa na hasira. Miaka yote hiyo nimejilaumu bure. Nikamuuliza kwa nini hakumwomba Bibi, maana Bibi angempa.

"Angenipa. Alikuwaga ananipa. Juzi yake alinipa, jana yake alinipa. Siku ile nikaona haya."

Nilishindwa kuendelea kukasirika. Kisima kile kimefukiwa, kijiji kina bomba, na madumu hayana alama tena. Nashukuru kwa hilo. Lakini damu na jembe nimeshavichora mara nyingi, na siku hizi siviwazi sana. Nawaza mlango wetu asubuhi ile, Bibi yuko ndani anakoroga uji, na mama jirani anapita nje na kopo tupu, asipige hodi.