Placide Aliyekunja Mvua

Placide ni mtoto wa kijiji cha Kazimia. Vita ilimvusha ziwa mpaka kambi ya Kigoma, na huko akakamata Kingereza. Aliporudi, Kingereza chake kilikuwa kizito hivi kwamba mtumbwi ulikwaruza chini ya ziwa. Nilikuwa ndani, nikiteka maji na sufuria. Anayebisha aende akaulize samaki.

Hapa mjini Baraka aliikuta shule bila paa. Mabati yalibebwa na askari. Wa upande gani sisemi, maana kila upande ulipenda mabati. Placide akafunga shitingi, lile turubai la plastiki la wakimbizi, juu ya miti, akaanza kufundisha. Lakini lilikuwa na matundu! Mchana kweupe uliweza kuona nyota. Mvua ikinyesha, watoto walirudi nyumbani wanakohoa.

Siku moja mawingu yakashuka kutoka milimani. Constance, mkubwa wa wamama wa mtaa, akaja kusimama mbele ya darasa.

"Mwalimu, unisikie. Kama batoto banalowa tena leo, kesho hakuna mutoto atakuja. Masomo imekwisha."

"Mama, uniache nimalize somo."

"Malizia. Tuone kama Kingereza iko na mwavuli."

Wamama wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Somo lilikuwa maneno ya kuzidisha. Akaandika: double, triple, quadruple.

"Haya munayajua kwa Kifaransa," akasema, "kwa sababu mama yao ni mumoja, Kilatini."

"Kile cha misa ya zamani?" nikauliza mimi, mzee ambaye wote wananiita Koko.

"Kile kile, Koko. Duplus: mbili, pamoja na kukunja. Kitu chenye mikunjo miwili. Triplus, mitatu. Quadruplus, minne. Na Waingereza walikuwa na yao ya kwao, twofold, threefold. Fold ni kukunja tu."

Akanitoa kitenge begani.

"Pole pole! Hicho ni cha mazishi yangu!"

"Koko, haufi leo." Akakikunja, akakiinua kwenye mwanga. "Double." Kitenge changu ni cha siku nyingi, nacho kina matundu yake, sasa mengi yakazibwa na upande mzima. Akakunja tena. "Quadruple." Mwanga ukakosa njia.

Placide akatazama kitenge, akatazama juu.

"Batoto! Mushushe shitingi!"

Wakaishusha, wakaikunja wakipiga kelele, "Double! Quadruple!" Wakaifunga tena. Ilibaki ndogo kama kitanda cha bwana harusi maskini. Watoto wakabanana chini yake kama ndagala, dagaa wa ziwa, kwenye kikapu.

Ikaja mvua! Ilimbeba mbuzi wangu mpaka Lubondja, akarudi kwa miguu, amekasirika. Lakini chini ya shitingi vumbi lilikuwa bado vumbi. Constance, amelowa mpaka mifupa, akaingiza mkono, akapapasa kichwa cha binti yake Gentille. Kikavu.

"Bamama," akaita, "kesho mulete batoto bote!"

Wakaja wengi kuliko mwanzo, wengine kutoka Kilembwe, na Constance mwenyewe akaja kujifunza. Alipata nafasi pembeni kabisa, matone yakimgusa mgongo.

"Mwalimu, nyuma ya quadruple inafuata nini?"

"Quintuple, mama. Mikunjo mitano."

Constance akatazama shitingi.

"Hiyo uifundishe na kitenge cha Koko. Mi nitakaa wapi?"