Zinash, Mwokaji wa Keki za Mfungo

Kabla ya Zinash Demissew, keki ya mfungo ilikuwa adhabu juu ya adhabu. Sisi watu wa Addis Ababa hatukosi siku za kufunga. Kuna Jumatano na Ijumaa mwaka mzima, kuna Hudade, zile siku hamsini na tano kabla ya Fasika, Pasaka yetu, na kuna mifungo mingine nikianza kuitaja hatutamaliza leo. Siku hizo hatugusi nyama, yai, maziwa wala siagi. Maduka ya keki yalikuwa yakituuzia kitu kikavu cha unga na mafuta ambacho bila birika zima la chai hakipiti kooni. Tulikinunua hivyo hivyo, maana huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu.

Zinash aliingia duka la keki la Mzee Gizachew, Gashe Gizachew kwetu, pale Piasa, akiwa na miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kuosha trei. Aliwaona waokaji wanavyoringa siku za kawaida na wanavyonuna mfungo ukiingia, na mwaka wa pili akamfuata mwenye duka.

"Gashe, niachie mfungo."

"Nikuachie nini?"

"Keki za mfungo. Naona hazina mwenyewe."

Waokaji wakaangua kicheko. "Chukua, binti, chukua! Ila ukiua mtu kwa keki hizo usitutaje majina."

Zinash akazichukua. Aliloweka mbegu za kitani mpaka zikatoa ute, na ule ute ukaushika unga kama yai linavyoushika. Alitwanga suf, zile mbegu nyeupe ambazo mama zetu huzikamua wakati wa mfungo, akapata maziwa yake. Akaongeza tende, ufuta na maganda ya machungwa. Trei alizomwaga jalalani hazina idadi, na Gashe Gizachew alimtukana kila wiki bila kukosa. Lakini hakumfukuza, na baada ya miaka miwili foleni ya Hudade ilitoka mlangoni ikafika kwa mshona viatu. Watu walikuja na vyombo vyao kutoka mitaa ya mbali. Hata wasiofunga walikuja, wakijifanya wametumwa.

Ila mtu aliyekuwa akimwokea hasa ni mmoja tu, mama yake. Mama huyo alipofiwa na mumewe alivaa kofia ya utawa, akawa Emahoy Workinesh, akaishi katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya binti yake. Wakati wa Hudade hakutia kitu mdomoni mpaka ibada iishe, saa tisa alasiri. Alikuwa amebakiwa na meno matatu. Saa tisa Zinash alimletea kipande cha keki laini, na bibi yule alikila polepole, macho ameyafumba.

"Kwa watu wote nauliza kilichomo," alikuwa akisema. "Kwako siulizi."

Zinash hakuwa na cheti cha upishi ukutani. Neno hilo la mama yake ndilo lilikuwa cheti chake, na hakutaka kingine.

Kilichomponza ni uchovu. Krimu ya suf ilikuwa tabu tupu. Jua likizidi inalegea, umeme ukikatika inachacha, na wateja walizidi kuongezeka. Ndipo akaja mchuuzi mmoja na paketi za krimu ya unga kutoka nje, paketi zenye picha ya nazi.

"Mimea mitupu, dada. Soma mwenyewe hapa."

Zinash akasoma pale alipoonyeshwa, kwenye herufi kubwa. Akajaribu, krimu ikasimama kutwa nzima bila kutikisika. Angemshuku nani? Hata mimi ningeinunua. Akaitumia Hudade ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikamkuta bado anaitumia.

Katikati ya hiyo ya tatu, Hirut, mwanamke mwenye duka la dawa mtaa wa pili, alimnunulia binti yake keki ya kutimiza miaka mitano. Mtoto huyo tangu azaliwe maziwa hayakubaliani naye, akiyaonja anavimba. Alipokula keki ya Zinash akavimba midomo na koo, akakimbizwa hospitali. Mungu akasaidia, akapona. Kesho yake Hirut alikuja dukani, hakupiga kelele.

"Nionyeshe kila unachotia."

Zinash akampangia vyote mezani. Hirut aliichukua ile paketi, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole kwenye maandishi ya chini kabisa, madogo kama mayai ya chawa.

"Hii hapa. Protini ya maziwa. Ni maziwa, dada Zinash."

Gashe Gizachew aliketi juu ya gunia la unga. Naye alikuwa amefunga miaka yote mitatu, na kila siku alikuwa akionja. "Kachome zote," akasema.

Zinash aliandika karatasi kwa mkono wake, akaibandika kwenye kabati la vioo: keki za hapa zilikuwa na maziwa kwa miaka mitatu, mimi ndiye niliyezioka, nisameheni. Wako waliomlaani, wako waliocheka wakasema Mungu hana muda wa kukagua krimu. Kasisi wao, Aba Tekle, alimwambia hana kosa kwa asilolijua. Akamsihi asimwambie Emahoy. "Ni mzee, mwache apumzike."

Lakini karatasi ile ilikuwa wazi dukani na mji una midomo. Saa tisa Zinash akaingia kwa mama yake mikono mitupu, akamweleza yote amepiga magoti.

"Hudade ngapi?" Emahoy akauliza.

"Tatu, mama, pamoja na hii."

"Hukukusudia."

"Sikukusudia."

"Najua. Sogea." Akambusu kwenye paji la uso. "Nimekusamehe, na nimekusamehe kweli."

Heri angempiga kofi. Kesho yake Zinash alileta mkate mtupu wa unga na maji, akaukuta jioni umefunikwa kitambaa, haujaguswa. "Nimekula kanisani." Keshokutwa yake akasema tumbo limejaa gesi. Siku ya nne Emahoy alichoka kutafuta visingizio.

"Sina kinyongo, mwanangu, naapa. Ni mkono tu. Nikiunyanyua hauji mdomoni."

Akawa anajikaangia shayiri mwenyewe na kuishushia kwa maji. Fasika ikaja, mtaa mzima ukanukia kuku, yeye akaendelea kufunga. Alikuwa amepiga hesabu: Hudade tatu, siku mia moja sitini na tano, alitaka kuzilipa zote. Aba Tekle alimkataza. "Sawa, Aba," akasema kwa adabu, na hakula. Zinash naye hakuwa ameoka tena tangu siku ya karatasi. Gashe Gizachew alituma watu mara tatu kumwita kazini, wakarudi bila jibu.

Mvua kubwa zilipoanza, Emahoy alikuwa mtu wa kitandani, mifupa na ngozi. Daktari akasema asipokula tutampoteza. Zinash akamwendea Mulu, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke anayechoma kahawa na kuuza.

"Nisaidie kubeba bakuli tu."

"Bakuli gani?"

"Mimi nitapika. Wewe useme umepika wewe."

"Zinash! Nimdanganye mtawa?"

"Atakufa, Mulu."

Zinash alipika uji wa shayiri, akaukoroga na maziwa ya suf aliyoyakamua kwa vidole vyake mwenyewe, kama zamani kabla ya zile paketi. Mulu akaingia nao. Zinash akabaki nyuma ya mlango.

"Nani kapika?"

"Mimi, Emahoy."

"Umetia nini?"

"Shayiri, suf na sukari kidogo. Suf nimekamua mwenyewe."

Zinash akasikia kijiko kikikwangua chini ya bakuli. Alijifunika uso kwa shela, akalia, na hakujua analia furaha au nini.

Hivyo ndivyo walivyomlisha wiki tano. Rangi ikaanza kumrudia bibi. Mulu ndiye aliyekuwa akikonda. "Dada, siwezi tena," alimwambia Zinash. "Jana amenibusu viganja, vyote viwili."

"Vumilia. Nakuomba."

Alasiri moja Emahoy akamwita binti yake, akamkalisha kitandani, akamshika kidevu.

"Umekwisha, mwanangu. Kazini kwenyewe huendi. Unaniumiza."

"Nitakwenda, mama."

"Sikiliza. Huyu Mulu ana mkono wa baraka. Wewe ni fundi, najua, lakini usione haya, mwombe akufundishe uji wake. Ukiuweza kama yeye utanipikia wewe. Mimi nataka kula kwako."

Zinash akafungua kinywa aseme. Akaliangalia lile bakuli la mchana, tupu, limekwanguliwa. Akaogopa.

"Nitamwomba, mama."

"Anza leo."

Akaenda jikoni. Akapika uji ule ule, katika sufuria ile ile, akakamua suf ile ile. Safari hii akauingiza mwenyewe. Emahoy akauliza, "Amekuelekeza?" Akajibu ndiyo. Bibi akachota kijiko, akakipeleka mpaka karibu na midomo, kikasimama hapo. Akakilamba kwa ncha ya ulimi. Akakirudisha bakulini.

"Bado," akasema kwa upole mwingi. "Umekaribia sana, mwanangu. Lakini bado."

Zinash akalichukua bakuli, akatoka nalo. Mulu alikuwa kibarazani anapepeta kahawa. Zinash akampa, na Mulu akamtazama, akajifuta mikono, akaingia.

"Samahani kwa kuchelewa, Emahoy."

Kijiko kikaanza kulia bakulini.

"Ehee," sauti ya mama yake ikasema. "Huu ndio wenyewe."