Kitabu cha Kuanzia cha Elinipa Nnko

Elinipa Nnko ana duka la kuchapa na kutoa kopi Ngarenaro, mtaa wa nyuma ya gereji. Kwa miaka kumi na moja amejulikana kwa kazi moja ambayo wachapaji wengine huikimbia: nota za kwaya. Kwaya nyingi za Kilutheri za upande wa Meru bado hujifunza wimbo kwa do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, kila sauti kwenye mstari wake, nukta pacha kati ya pigo na pigo. Herufi za sauti zote nne lazima zipangwe wima. Ukikosea nafasi moja, alto wanaingia kabla ya wakati na mwalimu wa kwaya anakupigia simu Jumatatu asubuhi.

Kazi hiyo inapungua. Walimu vijana sasa hupiga picha daftari la nota na kuirusha kwenye kundi la kwaya. Kwa hiyo mwezi wa pili mwaka huu, tangazo la kituo kimoja cha mafunzo huko Kisongo lilipomfikia, Elinipa alilisoma mara tatu akiwa amesimama. Nafasi ishirini, miezi tisa ya kujifunza kutengeneza programu za kompyuta. Mtihani wa kuingia ungekuwa wa misingi ya lugha iitwayo Python, tena kwa kalamu na karatasi, bila kompyuta. Zilibaki wiki tano. Umri wa mwisho ulikuwa miaka thelathini na mitano. Yeye anatimiza thelathini na sita Julai. Hakukuwa na mwaka mwingine.

Tangazo halikutaja kitabu. Duka la vitabu mjini halikusaidia: muuzaji alimpeleka kwenye rafu ya waongoza watalii akamshikisha kitabu chenye picha ya chatu, maana ndiye python kwa Kiingereza.

Cha kwanza alipewa na Lesian, fundi kompyuta wa mlango wa pili, kijana mrefu asiyeacha utani hata akiwa na bisibisi mdomoni.

"Chukua hiki, Mama Nota," alisema. "Kurasa mia saba. Ukikimaliza, hata mimi utaniajiri."

Kilikuwa cha Kiingereza. Sura nzima ilieleza historia ya kompyuta, nyingine ilitoa mifano ya mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ambao Elinipa hajawahi kuuona ukichezwa. Alisoma asubuhi kabla ya wateja, akasoma mteja akisubiri kopi, akasoma kopi ya mteja ikitoka nyeusi. Alipofika kwenye programu ya kwanza aliichapa kama ilivyo. Kompyuta ikaikataa. Akaichapa upya. Ikaikataa tena. Kwa siku tisa alibadilisha hiki na kile, akaamini kitabu kimepitwa na wakati, akahamia cha pili, chembamba, kilichoahidi mambo yote kwa siku saba. Programu zake nazo zikakataliwa.

Siku ya kumi alimwita Lesian. Lesian aliinama mbele ya kioo, akaanza kucheka.

"Dada, hii umeichapia wapi?"

"Hapohapo ninapochapia kila kitu. Halafu naihamishia huko."

"Ndiyo maana. Angalia hizi alama za nukuu. Zimepinda. Programu ya barua inazipinda yenyewe ili zipendeze. Kompyuta inataka zilizonyooka. Na hii mistari umeiweka katikati ya ukurasa?"

"Ilikuwa inaonekana vibaya."

"Umeipamba kama kadi ya harusi! Bado utepe tu."

Alimwonyesha pa kuandikia, pasipopinda kitu. Programu ikakubali mara moja. Elinipa hakucheka. Alikuwa amepoteza siku tisa kwa sababu ya mazoea ya mikono yake, na bado hakujua kama kitabu kilikuwa kizuri au kibaya.

Baada ya hapo hakutulia kabisa. Asubuhi alifungua cha kurasa mia saba, mchana chembamba. Akaongeza na cha tatu: maelezo ya masomo ya mhadhiri mmoja, kurasa mia moja na arobaini, ambayo Elinipa aliyafunga kwa waya wa spairo mwaka uliopita na mhadhiri hakurudi kuyachukua. Alimpigia simu. "Yatumie tu, mama, mimi nimeshahamia Dodoma." Alimwomba Lesian ushauri, akamwomba na mteja aliyevaa fulana ya chuo, na kila mmoja alimpa jina la kitabu tofauti. Zilibaki siku kumi na sita. Alijua kidogo cha mwanzo wa kila kitabu, na hakujua katikati ya hata kimoja.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Sifaeli wa kwaya ya Akheri hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, karatasi za nota zimekunjwa mfukoni mwa koti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nini hii umenifanyia?" Alizitandaza juu ya mashine ya kopi. "Alama ya kurudia umeiweka pigo moja mbele. Jana besi wamebaki nyuma peke yao, kanisa zima likisikia. Kama mbuzi waliosahaulika mlimani!"

"Nisamehe, Mwalimu. Nitazichapa upya sasa hivi."

"Utazichapa upya, ndiyo. Lakini uliimba nota kabla ya kuzitoa?"

Kila kwaya ya huko hufanya hivyo: wimbo mpya huimbwa kwanza kwa nota tupu, na maneno hayaguswi mpaka kila sauti ijue inaingia wapi na inatoka wapi. Elinipa naye siku zote hufanya hivyo kabla ya kutoa kopi, kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari. Safari hii alikuwa amesoma maneno ya wimbo tu, akaona yako sawa.

"Sikuimba," alisema.

"Nimejua. Maneno hayana kosa hata moja." Sifaeli akavuta kiti, akakaa kusubiri karatasi zake, bado amekasirika.

Sifaeli alipoondoka, Elinipa alivipanga vitabu vitatu mezani. Alichukua karatasi nyeupe, akafunika maelezo yote kwenye ukurasa, akaacha programu tupu. Kisha akaisoma mstari kwa mstari kwa sauti ya chini na kuandika kwa penseli kile ambacho kompyuta ingeonyesha, kabla ya kuiuliza kompyuta yenyewe.

Kitabu kikubwa kilimshinda kwa namna ya ajabu: kurasa kumi za maneno kwa programu moja ndefu, na maneno yakifunikwa hapakubaki kitu cha kushika. Chembamba kilikuwa na programu nyingi, lakini kila moja ilitumia jambo ambalo lilikuwa bado halijafundishwa. Maelezo ya mhadhiri yalikuwa na programu fupi, mistari minne, mitano. Alikosea nne kati ya sita za kwanza. Ila kila alipokosea aliona mahali alipokosea. Programu moja ilijumlisha namba moja hadi nne, na mstari wa mwisho ulisema: onyesha jumla. Aliandika jibu moja, kumi. Kompyuta ikatoa manne: moja, tatu, sita, kumi. Mstari ule ulikuwa umesogezwa ndani kidogo, kwa hiyo ulikuwa sehemu ya mistari inayorudiwa. Nafasi nne tu, kitufe kimoja kubonyezwa mara nne. Aliitazama kwa muda mrefu, yeye ambaye maisha yake ni nafasi.

Akamrudishia Lesian kitabu chake.

"Mama Nota, umekata tamaa?"

"Nimechagua."

Mtihani ulifanyika Jumamosi, watu themanini na wawili kwenye ukumbi mmoja. Matokeo yalibandikwa Alhamisi kwenye dirisha la ofisi. Elinipa alikuwa wa kumi na moja. Waliokuwa karibu naye walipiga kelele na kupigiana picha. Yeye alisoma safu ya alama: swali la nne, mbili kati ya kumi. Akagonga dirisha.

"Hongera, dada," alisema karani. "Masomo yanaanza tarehe tano."

"Asante. Naomba kuona karatasi yangu."

"Ya nini tena? Si umeshapita?"

"Swali la nne. Nataka kuona nilikosea mstari upi."

Karani alisema karatasi ziko kwa mwalimu, na mwalimu yuko kwenye kikao mpaka saa tisa. Ilikuwa saa tano na nusu. Elinipa alitafuta kiti, akakosa, akasimama kusubiri pembeni mwa dirisha ili wengine wasome majina yao.