Mbasa wa Kumbukumbu ya Henry

Alphonce hakuwahi kuifikisha kazi yoyote mwisho. Alishika useremala, akaacha milango ya watu haina bawaba. Akapanda milimani Matiri kulima kahawa, akarudi kabla haijachanua, eti baridi imemwingia mifupani. Mali yake pekee hapa Liuli, kando ya ziwa, ilikuwa jina la kaka yake, marehemu Henry, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kulinda samaki, na jina hilo alilitumia kama tambara la kufutia viatu.

Notburga, mjane wa Henry, alimvumilia kwa kuwa ni shemeji. Lakini asubuhi ya misa ya kumbukumbu Alphonce aliingia jikoni na beseni la samaki aina ya mbasa, amevaa suti, akingoja kupongezwa. Notburga akampasua mmoja. Mayai yakamjaa kiganjani.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Mvua zilishaanza, maji ya mto yamekuwa mekundu, na majira hayo mbasa huliacha ziwa wakapanda mtoni kutaga kwenye changarawe. Henry alikula matusi miaka yote akiwazuia watu wasiuzibe mto wakati huo. Sasa mdogo wake mwenyewe ameuziba, kwa vile vyandarua vya mbu ambavyo Notburga alimwona akivishona pamoja juzi.

"Shemeji, mbasa hana akili, anajileta mwenyewe," Alphonce alisema akicheka. "Ila wewe umekulia milimani, kwenye kahawa. Samaki umewajulia kwenye sahani."

"Huyu alikuwa anakwenda kuzaa," Notburga alimjibu. "Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Mzee Joakim, baba mdogo wa marehemu, akamsihi awapike tu, wageni wale, ya nyumbani yazungumzwe nyumbani baadaye. Notburga alimtazama kama mtu anayetandika kitambaa cheupe juu ya uozo. Wageni wangekula, wangefuta midomo, kisha wangekwenda kusema kwamba Henry aliwalinda samaki ili ndugu zake wale peke yao.

Basi wageni walipoketi walipakuliwa ugali na maharage. Minong'ono ikaanza. Notburga akasimama.

"Samaki wapo jikoni," alisema. "Alphonce amewatoa mtoni na mayai yao, na vyandarua vyake bado vipo majini. Mezani kwa Henry hawatakaa."

Alphonce alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Akamgeukia Mzee Joakim. Mzee alikuwa ghafla ameshughulika sana kuchambua mawe kwenye maharage. Wanakikundi wa Henry wakaweka sahani chini, wakamwambia Alphonce watangulizane naye mtoni.

Aliingia majini na suti yake, akafungua mafundo moja moja, huku wanakikundi wamejipanga ukingoni.

"Polepole, mwenyekiti," mmoja alimwambia. "Usiwashtue wazazi."

Aliporudi, suruali imelowa hadi mapajani, hakuna aliyempisha kiti. Notburga alimpakulia mwenyewe: mchuzi mwingi, punje chache.